Simu ni Yako, Programu Umeruhusiwa Tu

Ingia duka lolote la simu Kariakoo au Luthuli, Nairobi, utasomewa orodha ile ile: RAM ngapi, kamera megapikseli ngapi, betri mAh ngapi. Muuzaji hakwambii simu hiyo itaacha kupokea masasisho ya usalama lini, na wanunuzi wengi hawaulizi. Ilhali hilo ndilo linaloamua kama simu itakufaa kwa miaka miwili au sita.

Unapolipia simu, unaondoka na vitu viwili vinavyofuata sheria tofauti. Cha kwanza ni kifaa chenyewe: kioo, betri, kamera, bodi. Hicho ni mali yako. Unaweza kukiuza, kumpa mdogo wako, kukipeleka kwa fundi au kukivunja ukitaka. Cha pili ni programu zinazokiendesha, na hizo hukuuziwa. Umepewa leseni, yaani ruhusa ya kuzitumia kwa masharti, na masharti yenyewe ni yale maandishi marefu unayoyapitisha kwa kugusa "Nakubali" siku ya kwanza. Aliyetoa ruhusa ndiye pia anayeamua ataihudumia hadi lini, kwenye kifaa gani, na kwa akaunti ya nani.

Tuanze na tarehe, kwa sababu inakaguliwa kwa nusu dakika. Kwenye Android fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, gusa Toleo la Android, kisha soma tarehe ya sasisho la usalama. Google hutoa taarifa ya kasoro za usalama kila mwezi tangu Agosti 2015, baada ya kugunduliwa kasoro ya Stagefright iliyowezesha simu kuvamiwa kwa kutumiwa tu ujumbe wenye video. Lakini kiraka cha Google, yaani marekebisho ya kasoro hizo, hakiji moja kwa moja kwenye simu yako. Kinapita kwanza kwa mtengenezaji, ambaye lazima akioanishe na muundo wake na kukijaribu, na kila muundo anaoendelea kuuhudumia unamgharimu pesa. Ndiyo maana simu mpya kabisa, boksi halijafunguliwa, inaweza kuwa na sasisho la mwaka juzi. Kuchelewa kwa miezi mitatu au minne kunavumilika kwa simu ya bei ya chini. Ukikuta mwaka umepita, unganisha intaneti pale pale dukani na uiambie simu itafute sasisho. Ikijibu kwamba iko sawa na haina jipya, basi mtengenezaji ameshaiacha, hata kama stika ya "mpya" bado inang'aa.

Watengenezaji wenyewe hutangaza muda huo, na tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho ilipotoa Pixel 8 Oktoba 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Hizo ni simu za bei kubwa. Habari njema zaidi kwa mfuko wa kawaida ilikuja na Galaxy A16, simu ya daraja la chini iliyoahidiwa miaka 6. Simu nyingi za bei hiyo hiyo huishia miaka miwili, na nyingine hazina ahadi yoyote iliyoandikwa. Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa. Muda huhesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, sio siku uliyoinunua, kwa hiyo simu iliyokaa kabatini miaka miwili imekwisha kula sehemu ya ahadi yake. Pia tafuta ahadi kwa namba kamili ya muundo iliyo kwenye Kuhusu simu, usitegemee jina la biashara, kwa kuwa jina moja hubeba matoleo ya 4G na 5G yenye bodi tofauti.

Kwa iPhone hesabu ni rahisi zaidi, maana Apple hutengeneza kifaa na mfumo wake, na hupeleka sasisho kwa simu zote kwa wakati mmoja. iPhone 8 na X za mwaka 2017 ziliishia iOS 16, yaani toleo la 16 la mfumo wa iPhone. XR na XS za 2018 zilifika iOS 18, kisha zikaachwa toleo lililofuata, iOS 26, lilipotoka mwaka 2025. Viraka vya dharura huweza kuja baada ya hapo, ila mfumo mpya hauji, na taratibu programu za benki na nyinginezo huanza kukataa toleo la zamani. Anayenunua iPhone X ya mtumba kwa sababu bei imeshuka ajue bei hiyo imeshuka kwa nini.

Sasa RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zinazotumika hufanyia kazi, mahali ambapo udanganyifu umekuwa wa kawaida kiasi kwamba wauzaji wenyewe hawauoni tena. Bango likiandika "RAM 16GB" kwa simu ya bei nafuu, soma maandishi madogo: mara nyingi ni 8 pamoja na 8. Nane za kwanza ndizo RAM. Nane za pili ni kipande cha hifadhi ya kawaida kilichotengwa ili programu zilizolala zisogezwe huko, na hifadhi ni ya polepole sana kuliko RAM halisi. Kwa simu ya 4 pamoja na 4 hesabu 4 tu. Kwa matumizi ya leo, yaani WhatsApp, kivinjari, programu ya benki na ramani, 4GB ni kiwango cha chini kabisa na 6GB ndiyo inayotuliza moyo. Hifadhi chukua 128GB ikiwezekana. Mfumo wenyewe na programu za kiwandani hula sehemu nzuri ya 64GB kabla hujapiga hata picha moja, na magrupu ya WhatsApp yatamaliza kilichobaki. Hifadhi ikikaribia kujaa simu nzima huwa nzito, na sasisho hukataa kushuka kwa kukosa nafasi. Megapikseli nitaziruka: kamera ya 50 iliyo nzuri huishinda ya 108 iliyo mbovu, na njia ya kujua ni kupiga picha ya mtu ndani ya duka lenye mwanga hafifu na kuikuza.

Ukaguzi wa IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, usiruke. Piga *#06# na ulinganishe namba inayotokea na iliyo kwenye boksi. Kisha, ukiwa Tanzania, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090; Kenya tuma kwenda 1555. Majibu hutaja aina na muundo wa simu. Yakitaja muundo mwingine na ulio mkononi mwako, hiyo ni bandia au imechezewa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na Kenya ilitangulia mwishoni mwa Septemba 2012, kwa hiyo hatari ya kubaki na kioo kisichoshika mtandao si ya kubuni. Simu bandia pia hudanganya kwenye Mipangilio yake yenyewe, ikionyesha 512GB wakati ndani kuna 16. Njia rahisi ya kuiumbua ni kunakili humo faili kubwa la video kutoka kwenye kadi au flashi, mara kadhaa, na kuona kama yote yanafunguka.

Hapo kifaa kimekwisha. Turudi kwenye ruhusa, kwa sababu neno "Android" lenyewe linaficha leseni mbili.

Kuna Android ya msingi, ambayo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya waprogramu yanayoiunda, uko wazi kwa leseni ya Apache 2.0. Kampuni yoyote duniani inaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuuweka kwenye simu bila kumwomba mtu. Halafu kuna Play Store, Gmail, Ramani za Google, YouTube na huduma za chini chini zinazopeleka arifa na kutambua mahali ulipo. Hizo ni mali ya Google, na mtengenezaji huzipata kwa mkataba tu. Tofauti hii ilikuwa jambo la wanasheria hadi Mei 2019, Wizara ya Biashara ya Marekani ilipoiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zinazozuiwa kufanya biashara na kampuni za Marekani bila kibali. Huawei iliendelea kutumia Android ya msingi, maana leseni ya Apache haihitaji idhini ya mtu. Ila simu ya Mate 30 iliyotoka Septemba mwaka huo ilikuja bila Play Store. Kifaa kilikuwa bora, kamera nzuri, na wanunuzi wakagundua kwamba programu kadhaa walizozizoea hazifanyi kazi, au zinafanya kazi bila arifa. Hakuna kilichoharibika kwenye simu. Ruhusa ndiyo iliyokosekana.

Kwako wewe mnunuzi, ukaguzi wake ni huu: fungua Play Store, gusa picha ya wasifu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu, na utafute mstari wa uthibitishaji wa Play Protect, mfumo wa usalama wa Google. Unapaswa kusema kifaa kimethibitishwa. Ukisema hakijathibitishwa, ama simu ni bandia, ama mfumo wake umebadilishwa na fundi, ama mtengenezaji hakuwa na mkataba. Simu ya namna hiyo itakusumbua kwenye programu za benki na za filamu, ambazo huuliza kwanza kama kifaa kimethibitishwa kabla ya kufunguka.

Lugha yetu ina bahati ambayo Kiingereza, chenye neno *free* kwa maana zote mbili, hakina. Sisi tuna neno *bure* na tuna neno *huria*. Bure ni kutolipa. Huria ni kuwa na haki: ya kutumia programu kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kumgawia mwingine. WhatsApp ni ya bure lakini si huria. Msimbo wake hauoni na huna haki ya kuugusa. Signal ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. VLC ya kuchezea video ni huria, Firefox ni huria, KeePassDX ya kutunza nywila ni huria. Hazina bei, lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayeweza kuamka siku moja na kukunyang'anya toleo ulilo nalo.

Haki hizo zimeshazaa matunda hapa kwetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusubiri kampuni ya nje ione kwamba Waswahili ni soko. Leseni ilikuwa imekwisha kuwapa haki ya kutafsiri na kusambaza. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulipeleka wanafunzi na wakazi mitaani Dar es Salaam kuchora mifereji, njia na nyumba za maeneo yanayofurika, na data yote ikaingia OpenStreetMap, ramani ya ulimwengu yenye leseni huria. Leo ukisakinisha Organic Maps na kupakua Tanzania mara moja, unapata ramani hizo bila bando kabisa. Kwa dereva wa bodaboda au mtu anayesafiri mikoani, hiyo ni programu ya kwanza ambayo ningemwekea.

Ndani ya simu yako ya Android imo pia Linux, kiini cha mfumo, yenye leseni ya GPL toleo la 2 lililoandikwa mwaka 1991. Leseni hii ina sharti: anayekupa programu lazima akupatie na msimbo wake chanzo, pamoja na mabadiliko aliyofanya. Watengenezaji wanaotii huweka msimbo huo wazi, na hapo watu wengine hutengeneza mifumo mbadala kama LineageOS inayoendelea kuzihudumia simu zilizoachwa. Wasiotii, simu zao hufa siku masasisho yanapokoma. Ukitaka njia hiyo, kagua kwanza kama muundo wako kamili umo kwenye orodha ya LineageOS kabla ya kununua. Kufungua kufuli la kiwandani, linalozuia mfumo mwingine kusakinishwa, hufuta kila kitu kilichomo. Kwenye Samsung huchoma alama ya kudumu ndani ya bodi, ambayo hairudi hata ukirejesha mfumo wa awali, na folda salama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, haitafanya kazi tena. Programu za benki nazo zinaweza kukataa. Kwa simu ya pili ya kusomea na kusikilizia redio ni kazi nzuri sana. Kwa simu yenye pesa zako zote, ningesita.

Jambo linalosumbua simu nyingi zaidi mitaani kwetu ni GB WhatsApp na nduguze. Watu huipenda kwa sababu inaficha alama za bluu na kukuwezesha kuona ujumbe uliofutwa. Lakini hiyo ni WhatsApp iliyofumuliwa na mtu asiyejulikana, kinyume na leseni, kisha ikafungwa upya. Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali na aliyeitengeneza, na simu hukubali sasisho lenye saini ile ile tu. Aliyeifumua hana ufunguo wa WhatsApp, hivyo ametia saini yake mwenyewe. Ndiyo sababu sasisho halisi haliwezi kuketi juu yake, Play Store haiijui, na wewe unabaki kupakua toleo jipya kutoka kurasa za mitandaoni kila unapoambiwa toleo lako limepitwa na wakati. WhatsApp hufungia kwa muda namba zinazotumia matoleo hayo, na ukikaidi inaweza kukufungia moja kwa moja. Hatari ya pili ni nzito zaidi: Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta toleo la FMWhatsApp, mojawapo ya nduguze hao, limebeba Triada, programu hasidi inayoweza kupakua nyingine na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. FMWhatsApp yenyewe ilikuwa tayari imepewa ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, mahali zinapoingia namba za siri za miamala. Kama unayo, toa kwanza picha na nyaraka unazozihitaji, iondoe, pakua WhatsApp kutoka Play Store na uthibitishe namba upya. Mazungumzo ya zamani yanaweza yasihamie yote. Heri hivyo.

Usichanganye leseni na zile ruhusa ambazo programu huomba inapofunguka: majina, kamera, mahali. Leseni inasema wewe unaweza kuifanyia nini programu. Ruhusa inasema programu inaweza kuichukulia nini simu yako. Programu za mikopo ndizo zilizotufunza hili kwa uchungu, zilipokuwa zikisomba majina yote na kuwapigia wakwe na waajiri wa mdaiwa. Tangu mwishoni mwa Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo Play Store kufikia majina na picha. Kwa hiyo programu ya mkopo inayokuomba majina leo, hasa iliyokuja kwa kiungo cha WhatsApp, ifute kabla hujajaza fomu.

Kwenye programu za kulipia, jambo linalowaumiza watu ni usajili. Kujaribu bure siku 7 huwa ni mkataba unaogeuka malipo siku ya 8, na kuiondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ni lazima uingie Play Store, picha ya wasifu, Malipo na usajili, kisha Usajili, na ughairi humo. Kama umenunua programu na haikufai, omba kurudishiwa pesa ndani ya saa 48. Baada ya hapo unaelekezwa kwa mtengenezaji, na wengi hawajibu. Familia zisinunue mara mbili: Google inaruhusu kikundi cha familia chenye wewe na watu wengine 5, na programu nyingi za kulipia zinaweza kushirikiwa humo.

Mtumba una mitego yake ya ruhusa. Simu za kulipia kidogo kidogo zimesaidia wengi. Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Ila simu ya namna hiyo ina kufuli la mbali linaloifunga deni lisipolipwa, na kufuli hilo hurudi hata simu ikifutwa, mradi iguse intaneti. Muuzaji asiye mwaminifu hukuonyesha simu safi isiyo na mtandao. Kwa hiyo mwambie airudishe kama ilivyotoka kiwandani mbele yako, iunganishe na intaneti yako wewe, na uipitishe hatua zote hadi ukurasa wa mwanzo ukiwa na laini yako ndani. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, au ikitaja kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, usitoe pesa. Kwa iPhone iliyotoka Marekani ingia Settings, General, About, na utafute Carrier Lock: lazima isomeke kwamba haina kizuizi cha SIM. Na kumbuka iPhone 14 na zilizofuata, zilizouzwa Marekani, hazina tundu la laini kabisa. Ndugu akikuletea moja, hakikisha kwanza mtandao wako unatoa eSIM, laini ya kidijitali isiyo na kadi.

Siku ukimpa mwenzako simu yako ya zamani, anza kwa kuondoa akaunti ya Google kwenye Mipangilio, au kuzima Find My kwenye iPhone, ndipo uifute. Ukiifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti, mpokeaji atakuta imefungwa kwa nywila yako. Programu ulizolipia hazitaenda naye. Zilikuwa kwenye akaunti yako muda wote, na zitakusubiri kwenye simu inayofuata.